Kuhiji na Marafiki Kwenye Kituo cha Hija cha Kikatoliki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa kundi la marafiki linalojipangia hija lenyewe, bila wakala wa safari na bila parokia kulibeba. Makundi ya aina hii huwa na moyo mkubwa na maandalizi madogo, na mengi yanayoharibika siku ya hija yangezuilika wiki mbili kabla.

Kituo cha hija kinatofautianaje na kanisa la parokia?

Kanuni ya 1230 ya Sheria za Kanisa inasema ni kanisa au mahali pengine patakatifu ambapo waamini wengi huenda kuhiji kwa sababu maalumu ya ibada, kwa idhini ya askofu wa mahali. Ili kiitwe cha kitaifa lazima Baraza la Maaskofu likubali, na ili kiitwe cha kimataifa lazima Kiti Kitakatifu, yaani Vatikano, kikubali. Kanuni ya 1234 inaongeza jambo linalowahusu ninyi moja kwa moja: kituoni waamini wapatiwe kwa wingi zaidi Neno la Mungu, Ekaristi, Kitubio (sakramenti ya kuungama) na ibada zilizoidhinishwa. Kwa hiyo mnapouliza "padre wa kuungamisha anapatikana saa ngapi?" hamuombi upendeleo.

Tutajuaje kama mahali tunapotaka kwenda pameidhinishwa?

Ulizeni ofisi ya jimbo ambalo mahali hapo pamo. Msiwaulize wanaopaendesha, wala msitegemee video zinazosambazwa. Mwaka 2024 Dikasteria ya Mafundisho ya Imani, ofisi ya Vatikano, ilitoa kanuni mpya kuhusu matukio yanayodaiwa kuwa ya kimungu. Zina hitimisho sita zinazowezekana, na la juu kabisa kati ya hayo linasema tu kwamba hakuna kizuizi: waamini wanaweza kwenda kusali, bila Kanisa kutamka kwa uhakika kwamba tukio lenyewe limetoka mbinguni. Kanisa haliendi mbio katika mambo haya. Kibeho, Rwanda, matukio ya kutokewa na Bikira Maria yalianza Novemba 28, 1981, na tamko la askofu la kuyatambua lilitolewa Juni 29, 2001.

Dalili za kuwafanya mgeuze gari ni hizi: ujumbe au "maji maalumu" yanauzwa, kiongozi wa mahali anajiweka juu ya askofu, mapadre wamekatazwa kuadhimisha Misa pale, au watu wanaambiwa walikodolee jua macho wasubiri ishara. Hili la mwisho ni la hatari hata kwa anayekwenda kwa nia safi. Mwanga wa jua huunguza retina, sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, bila maumivu yoyote, na mtu hugundua saa kadhaa baadaye kwamba katikati ya anachokitazama pana doa jeusi. Wengine doa hilo halijawatoka. Mwenzenu akianza, mgeuzeni uso.

Kundi liwe la watu wangapi?

Kati ya 8 na 12. Hapo mnaweza kuhesabiana kwa macho, kukaa benchi mbili kanisani na kusikilizana mnaposali Rozari. Mkizidi 15, gaweni makundi mawili, kila moja na kiongozi wake, mkutane kwenye Misa.

Kabla ya safari pangeni watu wanne: wa ratiba, wa sala, wa mfuko wa pamoja, na wa nyuma. Wa nyuma ndiye watu husahau kumpanga. Kazi yake ni kutembea mwisho kabisa na kutomwacha yeyote nyuma yake, hata mtu akisimama kufunga kamba ya kiatu. Kiongozi wa ratiba asiwe ndiye kiongozi wa sala. Anayetazama saa kila dakika 10 hawezi kuwatuliza wenzake wasali.

Twende siku ya sikukuu ya kituo au siku ya kawaida?

Kama ni mara yenu ya kwanza, siku ya kawaida katikati ya wiki. Sikukuu ina uzuri wake, maana kusali pamoja na maelfu kunamfundisha mtu kwamba Kanisa ni kubwa kuliko parokia yake. Lakini Lourdes Februari 11, Fatima tarehe 13 ya kila mwezi kuanzia Mei hadi Oktoba, au Namugongo Juni 3, hamtakaa faraghani mbele ya Sakramenti, foleni ya kuungama itakula nusu ya siku, na anayetembea kwa mkongojo atabanwa. Mkichagua sikukuu, fikeni siku iliyotangulia, jioni.

Tuwaandikie nini wasimamizi wa kituo?

Andikeni wiki tatu au nne kabla, ukurasa mmoja tu. Tajeni idadi yenu, siku na saa ya kufika na ya kuondoka, usafiri mtakaotumia, kama mna padre au mnajiunga na Misa ya kituo, lugha mtakayoungamia, na idadi ya wasioweza kupanda ngazi. Ambatanisheni barua fupi ya paroko wa mmoja wenu. Haihitajiki kila mahali, lakini inamwambia msimamizi kwamba ninyi ni watu wenye mchungaji.

Padre rafiki yenu akiwasindikiza, mkumbusheni abebe *celebret*, yaani hati ya kumtambulisha ambayo kanuni ya 903 inataka iwe imetolewa na mkuu wake ndani ya mwaka mmoja. Asiyejulikana kituoni na asiye na hati anaweza kuzuiwa kuadhimisha, na anayemzuia anawalinda waamini dhidi ya mapadre bandia. Aulize pia kama sakristia ina alba, yaani kanzu nyeupe ya Misa, ya kimo chake.

Siku yenyewe tuipange vipi?

Kosa kubwa ni kuanzia dukani. Kosa la pili ni kujaza kila dakika. Mpangilio unaofaa kwa siku ya saa saba kituoni ni huu.

Mkifika, nusu saa ya kwanza iwe ya vyoo, maji ya kunywa na kukubaliana mahali pa kukutania endapo mtapotezana. Chagueni kitu kisichohama, kama sanamu kubwa au lango, kwa sababu simu huzima na mtandao huelemewa. Kisha ingieni kanisani pamoja, sala fupi ya kufika, halafu kimya cha dakika 15 bila mtu kuongoza chochote.

Baada ya hapo nendeni kuungama, kabla hata ya Njia ya Msalaba. Foleni ni fupi asubuhi, na mtu aliyekwisha kuungama husali tofauti siku nzima. Njia ya Msalaba ifuate. Vituo 14 huchukua dakika 40 hadi 60 panapokuwa na mlima. Kisha Misa. Chakula kiwe baada ya Misa, maana kikitangulia mtajikuta mnahesabu dakika za mfungo wa kabla ya Komunyo. Alasiri acheni saa nzima na nusu ambayo kila mmoja yuko peke yake na Mungu: mwingine ataabudu Ekaristi, mwingine atakaa chini ya mti na Rozari. Marafiki huona aibu kutengana, kana kwamba ni kuwakimbia wenzao. Msione aibu. Mmesafiri pamoja ili kila mmoja apate nafasi hiyo. Dukani na mishumaani iwe mwisho, kisha sala ya kuaga.

Tuko 12 na padre ni mmoja. Kuungama kutachukua muda gani?

Hesabuni dakika 5 kwa kila mtu, kwa hiyo saa nzima. Mtu mmoja ambaye hajaungama miaka 10 anaweza kuhitaji dakika 20, naye apewe nafasi ya mwisho ili asijisikie anasukumwa. Anayejiandaa vizuri husema tangu lini hakuungama, hutaja dhambi za mauti kwa aina na idadi kadiri anavyokumbuka, na haelezi dhambi za mume, mke au jirani.

Mara nyingine watu huuliza kwa nini padre asitoe ondoleo la pamoja kwa wote, kwa kuwa watu ni wengi. Kanuni ya 961 imejibu wazi: wingi wa waungamaji katika sikukuu kubwa au hija hautoshi peke yake kuwa sababu.

Msikiache kitubio eti muda umebana. Lourdes, Bernadette Soubirous, msichana aliyetokewa na Bikira Maria, alisikia neno "toba" likirudiwa mara tatu Februari 24, 1858, na chemchemi ikachimbuliwa kesho yake. Wengi wanaijua chemchemi na hawajui kilichotangulia.

Rehema kamili inapatikanaje kituoni?

Rehema kamili ni kuondolewa adhabu yote ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, na hapa kuna habari njema kwa wanaohiji kwa kundi. Kwa taratibu za Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikano inayoshughulikia rehema, mwamini anayekizuru kituo cha hija cha kimataifa, cha kitaifa au cha jimbo, na kusali pale Baba Yetu na Nasadiki (Kanuni ya Imani), anaweza kupata rehema kamili katika nafasi tatu: sikukuu ya msimamizi wa mahali hapo, siku moja kwa mwaka anayoichagua mwenyewe, na kila mara anaposhiriki hija ya kundi inayokizuru kituo hicho.

Masharti ya kawaida yanabaki: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu moja na Salamu Maria moja zinatosha), na kutokuwa na mapenzi kwa dhambi yoyote, hata ndogo. Sharti hili la nne ndilo gumu, na likikosekana rehema haiwi kamili bali ya sehemu. Kitubio kimoja chatosha kwa rehema kadhaa, lakini kila rehema kamili inahitaji Komunyo yake na sala yake kwa nia za Papa. Kuungama si lazima kuwe siku ileile. Takriban siku 20 kabla au baada zinakubalika. Hupatikana moja tu kwa siku, hivyo Njia ya Msalaba, ambayo nayo ina rehema yake, na ziara ya kituo mkivifanya siku moja havileti mbili. Mtu anaweza kuipata kwa ajili yake mwenyewe au kumwombea marehemu. Hawezi kuipata kwa ajili ya mtu mwingine aliye hai.

Kosa la kawaida: kundi linasali litania, novena na Rozari nzima, kisha linaondoka bila Nasadiki. Kiongozi wa sala aiandike juu kabisa ya karatasi yake.

Wazee wetu hawawezi kuzunguka vituo 14. Wakose?

Hapana. Kwa rehema ya Njia ya Msalaba, kuhama kutoka kituo hadi kituo kunatakiwa, lakini watu wengi wakiwa hawawezi kuhama bila vurugu, yatosha anayeongoza ahame. Wakalisheni wazee mahali wanapoona na kusikia, mmoja azunguke. Mlima ukiwa mrefu, tafuteni vituo vya ndani ya kanisa.

Nimekomunika asubuhi parokiani. Naweza kukomunika tena kwenye hija?

Ndiyo, mara ya pili, mradi ni ndani ya Misa unayoshiriki (kanuni ya 917). Mfungo ni saa moja kabla ya Komunyo, na maji ya kunywa na dawa haviuvunji. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wanaweza kukomunika hata kama wamekula ndani ya saa hiyo.

Rafiki yetu mmoja si Mkatoliki. Aje?

Aje kwa moyo mweupe. Anaweza kutembea, kuimba, kusali, kuwasha mshumaa, kukaa mbele ya Ekaristi na hata kuomba kuzungumza na padre. Komunyo hataipokea, na ni heshima kumweleza hilo nyumbani, taratibu, kuliko kumnong'oneza akiwa tayari kwenye mstari. Katika makanisa mengi anaweza kusogea akiwa amekunja mikono kifuani ili abarikiwe. Ulizeni kwanza kama ndivyo desturi ya pale.

Hali ni hiyohiyo kwa Mkatoliki ambaye kwa sasa haruhusiwi kukomunika. Marafiki wasiulizane "mbona hukupokea?" Swali hilo limewakimbiza wengi wasirudi tena.

Tuvae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Beba kitambaa au khanga ya akiba, kofia ya kuvua ukiingia kanisani, na viatu vinavyovuliwa kirahisi. Fulana za sare zinasaidia kutambuana, lakini zisiwe na matangazo.

Tunataka kutembea kwa miguu. Tujiandae vipi?

Kundi linalosali likitembea huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa, mapumziko yakiwemo. Kilomita 20 ni saa 5 hadi 7, si saa 4 kama kijana mwenye nguvu atakavyowaambia. Mwendo upangwe na aliye mzito wa kutembea kuliko wote, naye awekwe mbele. Akiwekwa nyuma, kila mnapopumzika mkimsubiri, mnaondoka mara tu anapowafikia, na yeye hapumziki kamwe.

Anzeni mazoezi wiki sita kabla: matembezi mawili ya kilomita 5 kila wiki, na moja refu linaloongezeka taratibu hadi kilomita 15. Viatu viwe vimevaliwa angalau wiki tatu. Viatu vipya siku ya hija ndicho chanzo kikuu cha malengelenge, na cha pili ni soksi zilizolowa. Bebeni jozi mbili za ziada. Mara mguu unapoanza kuwaka mahali pamoja, simameni papo hapo, kausheni na kubandika plasta. Kungoja "mpaka kituo kijacho" hugeuza plasta moja kuwa siku tatu za kuchechemea. Lengelenge lililokwisha kujaa likihitaji kutobolewa, tumieni sindano safi ukingoni, mminye maji taratibu, na ngozi ya juu iachwe mahali pake.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa kwenye joto, kwa mafunda madogo. Mnapotoka jasho kwa saa nyingi, changanyeni pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, maana maji matupu mengi mno nayo hushusha chumvi ya damu na kumdhuru mtu. Mwenzenu akianza kuchanganyikiwa maneno huku ngozi ikiwa ya moto, hija yake imeishia hapo. Mwekeni kivulini, mloweshe kwa maji mwili mzima, mpepeeni, mwitieni gari la wagonjwa. Wapo wanaodhani kuvumilia hadi kuzimia ni sadaka. Kanisa halijamwomba mtu hivyo.

Barabarani tembeeni upande unaotazamana na magari yanayokuja, mstari mmoja, na vizibao vya kung'aa kabla ya mapambazuko. Anayeongoza Rozari akae katikati ya msafara, kwa sababu akiwa mbele wa nyuma hawamsikii, na msafara huanza kusali Salamu Maria mbili tofauti. Makumi matano huchukua dakika 20 hivi, kwa hiyo Matendo ya Furaha, ya Mwanga, ya Uchungu na ya Utukufu yanajaza saa moja na dakika 20. Kwenye mwinuko salini kimoyomoyo. Kuimba na kupanda kwa pamoja huwamaliza pumzi.

Mmoja wetu aliweka nadhiri kwamba sote tutahiji. Je, inatufunga?

Haiwafungi. Kanuni ya 1193 inasema nadhiri humfunga yule tu aliyeiweka. Nanyi msimcheke, msindikizeni mkiweza. Na kama aliyeiweka mwenyewe ameugua au hana uwezo tena, asiishi na hofu: anaweza kuibadilisha kwa tendo jema lililo sawa au bora zaidi, na paroko wake ana mamlaka ya kumfungua kwa sababu ya haki.

Mgonjwa tunayekwenda naye aombe Mpako wa Wagonjwa?

Sakramenti hii ni kwa mwamini aliyeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Yeye aombe, tena mapema, ofisini. Mwenye mafua au uchovu wa safari asijipange mstarini kwa sababu tu wengine wamejipanga.

Picha?

Nje, kiasi. Wakati wa Misa, kuabudu na kuungama, hapana. Msimpige picha mtu anayelia au mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu. Hamjui nani nyumbani kwake hajaambiwa.

Tumepewa nia nyingi na watu waliobaki nyumbani. Tuzifanyeje?

Ziandikeni kwenye daftari moja, jina na nia kwa maneno machache, na kiongozi wa sala aliweke mbele yake mnaposali. Nia ya Misa ni jambo jingine: ipelekwe ofisini pamoja na sadaka yake, na muulize itasomwa lini na wapi, kwa sababu vituo vyenye nia nyingi huzigawa kwa mapadre wengine.

Medali, rozari na maji tunayonunua au kuchota?

Nunueni kwanza, barikisheni baadaye, kwa pamoja, baada ya Misa. Kilichobarikiwa kinaweza kutolewa zawadi lakini kisiuzwe. Anayewauzia masalia ya mtakatifu, yaani mabaki ya mwili wake au vitu vyake, mwacheni: kanuni ya 1190 inakataza kabisa.

Kuhusu maji, kuyanywa au kunawa kwa imani ni sala. Hayachukui nafasi ya dawa, wala mgonjwa asiache vidonge vyake. Kabla ya kunywa, ulizeni kama ni salama, kwa sababu kubarikiwa hakuui vijidudu. Chupa ioshwe na kukaushwa nyumbani, isiwe ya juisi iliyosuuzwa haraka, na iandikwe tarehe. Itunzeni gizani. Yakibadilika rangi au harufu, yamwageni kwenye udongo safi, bustanini au chini ya mti, si chooni wala kwenye mtaro wa maji machafu.